Kamba Mbichi Juu ya Waya wa Kengele

Katika kiwanda cha kuchambulia pamba nje kidogo ya Ifakara, mimi nilihudumia injini, na kaka wa mke wangu alilisha mashine ukumbini. Ukuta ulitutenganisha, hivyo tuliwasiliana kwa kengele. Waya wake ulipita ardhini ndani ya bomba. Mlio mmoja, zima. Miwili, washa.

"Na mitatu, shemeji," alizoea kunitania, "ujue nimemaliza wali wako."

Masika moja ya miaka ya hamsini, mafuriko yalivuka kijiji cha Katindiuka yakafika kiwandani, bomba likajaa maji. Fundi mkuu akaamuru waya upandishwe juu. Nilipanda mimi. Sikuwa na vibano, nikaufunga pamoja na waya wa taa, nguzo hadi nguzo, kwa kamba ya gome la myombo iliyolowekwa. Ndivyo tufungavyo nyumba: kamba mbichi ikikauka hukaza, paa halitikisiki. Shemeji ndiye aliyenifundisha tulipojenga nyumba yangu. Siku hiyo alinishikia ngazi.

"Hapo hata tembo hang'oi," alisema.

Maji yalikauka. Kengele ililia vizuri, basi hakuna aliyelikumbuka bomba.

Kiangazi, saa tano asubuhi, kengele yangu ilitoa moshi badala ya mlio. Kwa mazoea nilisubiri mlio. Kisha nikasikia kishindo, nikazima injini, nikakimbia. Shemeji alikuwa amebonyeza kitufe. Kikatoa cheche katikati ya vumbi la pamba. Vumbi hilo likitanda hewani haliungui kama kuni. Hulipuka.

Aliishi siku mbili.

Fundi mkuu alisema panya wametafuna waya. Nilipanda tena kukagua. Palipokuwa na fundo tu, kamba ilikuwa imekauka, ikakaza, ikaukata mpira wa nyaya zote mbili mpaka shaba, na umeme wa taa ukahamia kwenye kengele. Kwingine mpira ulikuwa mzima.

Matanga yalipoisha, mke wangu alisema, "Wanasema ni panya."

"Si panya. Ni kamba niliyofunga mimi."

"Kamba gani?"

Nikamwonyesha paa letu. Aliangalia juu kwa muda mrefu, fundo moja baada ya jingine.

"Hizi kafunga nani, wewe au kaka?"

"Hizo zangu. Za upande wa mlangoni ni zake."

Akaukunja mkeka wake, akaenda kuutandika mlangoni.