Nguzo ya Kumi na Nne

Patasi hakupewa jina hilo kwa sababu ya useremala. Alipewa kwa sababu ya ulimi wake. Ukimwonyesha kiti ulichonunua dukani, atakuuliza kama siku hiyo ulikuwa mgonjwa. Wanagenzi wake wote walimkimbia, na wa mwisho aliacha hata viatu. Mafundi wenzake wakimwona njiani walihamia upande wa pili wa barabara, naye akadhani wanampisha kwa heshima.

Karakana yake ilikuwa ndani ya ghala la zamani lililosimama ukingoni mwa maji. Lilikuwa jengo refu la ghorofa mbili, lililobebwa na kiunzi cha mbao: nguzo ishirini na nane katika safu mbili, boriti juu yake, na mihimili ya kukingama, vyote vimeshikana kwa ulimi wa ubao mmoja kuingia tundu la mwingine, bila msumari hata mmoja. Katikati ya mbao wajenzi walijaza matofali na chokaa, ilimradi upepo usipite. Patasi aliingia humo akiwa kijana, alipoitwa na baba mkwe wake, mwenye ghala, kubadilisha boriti moja iliyooza. Akaimaliza, akaona ya pili. Miaka thelathini na miwili ikaishia humo.

Kila kilichooza alikitoa, akaweka kingine alichokichonga kutoka mbao za nyumba kuukuu zilizobomolewa. Kisha akakipaka mafuta na masizi, akakigongagonga kingo, akachora hata zile alama za mafundi wa kwanza, mpaka mtu asitofautishe cha jana na cha enzi za mababu. Fundi aliyemfunza kazi alimwambia kwamba kiraka kikionekana ni aibu, naye alilishika neno hilo kupita kiasi, kama alivyoshika kila kitu. Matokeo yake, hakuna aliyejua amefanya nini humo ndani isipokuwa mkewe, aliyekuwa akimshikia ngazi.

Baba mkwe alipofariki, ghala likaenda kwa mwanawe wa kiume. Patasi na shemeji yake huyo hawakuwa wakipikika chungu kimoja. Shemeji alitaka kulibomoa ajenge hoteli ya vioo. Patasi akamwambia hoteli hiyo akaijenge kichwani mwake, nafasi ipo tele. Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Mke ndiye aliyekwenda Idara ya Majengo ya Kale, kimyakimya, bila kaka yake kujua. Huko akaelezwa kwamba ghala likithibitishwa kuwa urithi, hakuna atakayeligusa, awe mwenye mali au nani. Ila sharti zaidi ya nusu ya mbao ziwe zilezile za waliolijenga. Mkaguzi angekuja Jumanne. Mke akarudi, akamkalisha mumewe kwenye benchi la kuranda.

"Sikiliza, baba. Akija, wewe hujui kitu."

"Nidanganye?"

"Nani kasema udanganye? Unyamaze. Siku moja tu katika maisha yako."

"Miaka thelathini na miwili, halafu nionekane nilikuwa nafagia?"

"Uonekane hivyohivyo. Tukitolewa humu tutakwenda wapi, kwa umri huu na mdomo huo? Nani atakupa hata kona?"

Akakubali huku amenuna.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo mwenye tochi na chaki mbili, nyeupe ya mbao za asili na nyekundu ya zilizowekwa baadaye. Shemeji, aliyeitwa na Idara kama mwenye mali, alimfuata nyuma akitazama saa kila dakika. Nguzo ya kwanza ikapata chaki nyeupe. Ya pili nyeupe. Ya tatu mkaguzi akasimama kabisa, akaipapasa.

"Angalieni kiungo hiki. Hata unywele haupiti. Mafundi kama hawa hawapo tena."

Kiungo hicho Patasi alikichonga mwaka aliozaliwa mwanawe wa tatu. Hawapo tena, na yeye yupo hatua mbili tu, anapumua. Mkewe akamkazia macho, naye akatazama dari. Nyeupe zikaendelea mpaka ya kumi na tatu, na kila sifa ikamchoma, maana ilikwenda kwa mafundi waliokufa zamani.

Nguzo ya kumi na nne ndiyo pekee katika safu ile ambayo hakuwahi kuigusa. Ilikuwa kazi ya wajenzi wenyewe, na ilikuwa kazi mbovu. Tundu lilichimbwa pana, ulimi ukalegea, na aliyekosea akaziba pengo kwa vipande vya mbao akaenda zake. Haikuoza, ndiyo maana ilibaki, na kwa miaka yote hiyo Patasi hakupita hapo bila kuisonya.

Mkaguzi akaimulika, akatikisa kichwa, akatoa chaki nyekundu.

"Hii ni ya juzijuzi. Kuna mtu alikuja akalipua kazi. Ni wewe, mzee? Si neno, ulijitahidi."

Angemtukana mama yake mzazi, pengine Patasi angevumilia.

"Hiyo si yangu."

"Baba," mkewe akasema taratibu.

"Hiyo takataka si yangu. Hiyo ndiyo yao, hao unaowalilia. Njoo nikuonyeshe zangu."

Akamrudisha mkaguzi nguzo ya kwanza, akapanda ngazi, akagonga kigingi cha mbao kilichofunga kiungo, kikatoka. Kwenye kigingi kulikuwa na mwaka, umeandikwa kwa penseli kwa mkono wake. Mkaguzi akausoma, akasema huenda ni kimoja tu. Wakaenda ya pili, wakaenda ya tatu. Alama nyeupe zikaanza kufutwa kwa kiganja. Walipofika ya sita mke akaiachia ngazi, akaenda zake kwenye kona. Shemeji, ambaye sasa alikuwa ameisahau saa yake, akaja akaishika.

"Endelea, shemeji," akasema kwa upole. "Tuonyeshe zote."

Naye akazionyesha zote. Kufikia saa tisa alasiri, zilizobaki za asili zilikuwa nguzo nne na boriti chache za nyuma. Mkaguzi akaketi kwenye benchi la kuranda, akafungua karatasi zake. Uso wake haukuwa na furaha.

"Mzee, unaelewa nitaandika nini? Hili si jengo la kale. Hili ni kazi yako."

"Sasa umeona."

"Nikiandika hivyo, litabomolewa."

Kwenye kona, mkewe alikuwa ameshaanza kutia randa na misumeno kwenye gunia. Patasi alimwona. Akapiga hatua moja kuelekea kwake.

"Basi nipe jina lako kamili," mkaguzi akasema, "nilitaje kwenye ripoti."

Tangu aingie humo hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Akalitaja, la kwake, la baba yake na la babu yake. Kisha akasimama begani kwa mkaguzi kutazama linavyoandikwa, na alipoona la babu limefupishwa, akamwambia alifute aandike lote.