Majina Mawili Kwenye Kibao cha Mchangani

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya vibao ya baraza la mji, Malindi, Fundi Mkuu alinipa brashi bapa na bati kuukuu, akaniamuru niandike herufi M mpaka adhuhuri. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Alipokuja kukagua akasema, "Herufi umeziweza, binti. Sasa tazama nafasi baina yake. Zikibanana, msafiri hasomi kitu."

Zama zile hatukuwa na mashine za kuchapa. Bati tulilisugua kwa msasa, tukalipaka rangi ya msingi ili kutu isirudi, kisha tukapiga mistari kwa uzi uliopakwa chaki. Mabaraza yalipoondoka na kaunti kuingia, nikahamishiwa Kilifi, chini ya Msimamizi wa Kazi, mtu mpole asiyependa mabishano.

Kazi nisiyoisahau ilinijia karibu na kustaafu. Upande wa Junju kulikuwa na kijiji ambacho kibao chake kiligongwa na lori la mawe, kikalala majanini muda mrefu. Kamati ya wadi ikakubali kitengenezwe. Taabu ikawa jina. Wenye maduka ya barabarani walitaka Mchangani, kama zamani. Wakulima wa ndani walisema hilo ni jina la makarani, wao tangu enzi za mababu, kwa lugha yao, ni Mtsangani. Mkutano uliitishwa shuleni, maneno yakachacha, Msimamizi akataka kuahirisha.

Ndipo akasimama Mama Kadzo, mkulima wa mihogo. Wakati kibao kiko chini, binti yake alishikwa na uchungu, na gari la wagonjwa likaipita njia panda, likaenda kutafuta mbele. Mtoto mchanga hakupona. Kila mtu pale alilijua jambo hilo, naye hakulisimulia.

"Nyumbani twasema Mtsangani, na ndilo nilitakalo," alisema. "Lakini dereva aliambiwa Mchangani. Yaandikeni yote mawili."

Msimamizi akaniuliza polepole kama bati litatosha. Nikamwambia litatosha, herufi zikilingana. Kanuni yetu ilikuwa jina moja kwa kibao kimoja, naye aliijua kunishinda.

"Andika, Bi Mwanaisha. Makao makuu wakiuliza, nitajibu mimi."

Siku ya kukisimamisha, wenye maduka na wakulima walishika nguzo pamoja huku zege likimiminwa. Binti wa Mama Kadzo hakusogea karibu. Alivuka barabara, akatembea hadi kule magari yanakotokea, akageuka, akatazama kitambo. Aliporudi aliniambia neno moja tu: "Chaonekana."

Sasa nimestaafu, nakaa Muyeye. Vibao vipya huchapwa kwa mashine, na ni vizuri. Miaka yote nilidhani nawaandikia wageni, kwa kuwa mwenyeji hahitaji kusoma jina ndipo afike kwake. Kumbe mwenyeji naye hutaka kuona kwao kumeandikwa. Hilo nililijua nikiwa nakaribia kuiweka brashi chini.