Kiingilio Kilikuwa Ndoo ya Maji

Sisi tuliokulia Maposeni enzi zile tunajuana kwa kovu la goti la kushoto. Ukikutana na mtu wa rika langu pale stendi ya Songea, amevaa suti na anaitwa mheshimiwa, mwombe akunje suruali kidogo. Goti la kushoto likiwa laini, huyo alikulia kwingine. La kulia halikuumia mara nyingi, kwa sababu mbio zetu zote za baiskeli zilizunguka kwa kupinda kushoto, na kila ukifika kona ulishusha mguu wa kushoto ukakwaruza ardhi. Baiskeli hazikuwa na breki. Breki tulizifungua wenyewe, tena kwa maelekezo ya mwalimu.

Mwalimu huyo alikuwa Mwingereza, jina lake Filipo. Alikuja kufundisha hisabati shule ya sekondari ya jirani, akakaa kwetu miaka mingi hadi Kiswahili chake kikawa na lafudhi ya Kingoni. Siku hizi yuko kwao, ana miaka themanini na ushee, anaishi na binti yake, na mwaka huu amenitia wasiwasi sana. Mji wao ulikuwa na uwanja wa mbio za pikipiki, zile pikipiki zisizo na breki, zenye gia moja tu, zinazoserereka ubavu kwenye njia ya vumbi, waendeshaji wanne, mizunguko minne. Alianza kwenda pale akiwa amebebwa mabegani na baba yake. Sasa uwanja huo umefungwa ili zijengwe nyumba. Mji wa pili, mwendo wa saa moja kwa gari, una uwanja wake na bado mbio zipo, lakini mzee amekataa katakata kwenda. "Wale ni mahasimu wetu," aliniambia kwenye simu, kama mtoto aliyenyimwa. Binti yake anasema siku za mbio baba hukaa dirishani tu, hata chai haimalizi. Mtu aliyenipa utoto wangu mtamu, nikaona siwezi kumwacha amalizie siku zake kwa kususa.

Lakini ili muelewe, lazima niwarudishe nyuma.

Kwetu mwaka haukuanza Januari. Ulianza siku gunia la mwisho la mahindi lilipoingia ghalani. Kabla ya hapo baiskeli ya baba hatukuruhusiwa hata kuigusa kengele. Ilikuwa nyeusi, ya chuma kizito, na ndiyo iliyobeba mahindi kutoka shamba, ikapeleka unga, ikampeleka mama hospitali ya Peramiho alipokwenda kujifungua mdogo wangu. Baba alikuwa akisema, "Hiyo baiskeli ndiyo miguu ya nyumba hii." Basi gunia la mwisho likishatua, alijifuta jasho, akatutazama mimi na kaka yangu Oswini tulivyosimama kwa adabu ya uongo, akasema, "Haya, chukueni. Lakini irudi na magurudumu yote mawili."

Tuliivua nguo ile baiskeli. Tulifungua breki, madigadi, keria na kengele, tukavitundika ukutani jikoni juu ya moshi. Kuifunga tena baada ya mbio ilikuwa kazi nyingine, na kila mwaka nati moja ilibaki mkononi bila kujulikana ilitoka wapi. Mama aliziweka kwenye kikombe kilichokatika mkono. Naye alikuwa na usemi wake: "Ukirudi unachechemea usinililie mimi, sikukutuma."

Njia ya mbio mwalimu Filipo aliipima kwa kamba kuzunguka kiwanja cha shule, akaichora kwa majivu ya majiko yetu. Tatizo lilikuwa vumbi. Mnajua Agosti ya kwetu: baridi asubuhi, upepo mchana, na udongo mwekundu unaingia hadi kwenye kope. Mwalimu akasema kwao njia humwagiwa maji kabla ya mbio, ili tairi ishike na mtazamaji aone. Bomba hatukuwa nalo. Kwa hiyo ikapitishwa kwamba atakayetaka kutazama aje na ndoo ya maji kutoka mtoni, hicho ndicho kiingilio, na hakuna kingine. Mtoto alikuja na kopo, bibi kizee alituma kibuyu. Padri siku ya kwanza alikuja mikono mitupu akidhani joho linatosha. Alirudishwa mtoni kwa heshima zote, akarudi na ndoo, na tangu siku hiyo hakusahau.

Ile harufu ya udongo uliomwagiwa maji na kijiji kizima sijaisikia mahali pengine popote. Ilichanganyika na mihogo ya kuchoma na togwa, na wamama walikuwa wamevaa khanga zao za kanisani zilizolowa hadi magotini. Mtu akikuuliza ulikuwa upande wa nani, ulimwonyesha kona uliyoimwagia. Na mpanda baiskeli akianguka kwenye kona yako, uliona aibu wewe, kwa sababu hukuilowesha sawasawa.

Watoto tulitangulia. Miguu ilikuwa mifupi, hatukufika kitini, kwa hiyo tulipitisha mguu katikati ya fremu na kuendesha tumejipinda ubavu. Wasichana tulifunga khanga kiunoni. Bibi yangu alilalamika wiki nzima kwamba mtoto wa kike akivunjika mguu nani atamwoa, halafu siku yenyewe sauti yake ndiyo ilisikika kuliko zote, akinihimiza kwa Kingoni nimbane mtoto wa jirani. Kuanza kwetu hakukuwa na filimbi. Waliivuta tyubu ya tairi kati ya miti miwili mbele ya nyuso zetu, ikaachiwa, ikalia paa, na wote tukaondoka. Nilianguka, nikachubuka, nikacheka. Nilifurahi kiasi kwamba hadi leo nikikumbuka hucheka peke yangu.

Wakubwa wakafuata, na hapo ndipo palikuwa na Majengo. Hao walikuwa vijana wa mtaa wa Majengo mjini Songea, waliotoka huko alfajiri wakipiga pedeli hadi kwetu, wakafika na mashati yaliyopigwa pasi na vitana mfuko wa nyuma. Nao walikuwa na uwanja wao kule mjini, tulipokezana mwaka huu huku, mwaka ule kule. Nahodha wao aliitwa Rajabu, mtoto wa muuza vitambaa aliyehamia kutoka Tunduru. Rajabu aliingia kona ya ndani kabisa, mahali ambapo hapakuwa na nafasi, akatoka akiwa wa kwanza. Tulimchukia kwa moyo mweupe. Oswini alimshinda mara moja tu maishani, na Rajabu hadi leo anadai cheni iliruka. Bibi alimtukana mwanzo wa mbio hadi mwisho, kisha akamwekea togwa kwenye kata, kwa sababu kijana wa watu ana safari ndefu ya kurudi.

Kisha kiwanja cha Majengo kikachukuliwa. Zikajengwa nyumba, kama zinavyojengwa kila mahali. Kiangazi kilichofuata tulimwaga maji, tukasubiri, Majengo hawakuonekana. Tukashindana Maposeni kwa Maposeni. Wallahi ushindi ule haukuwa na ladha hata kidogo. Oswini alishika wa kwanza na akaenda kulala bila kula. Bibi aliirudisha kata ya togwa ukutani akanung'unika kwamba hawa wa mjini hawana adabu. Mwaka uliofuata, bila taarifa, tukawaona wanashuka kilimani, Rajabu mbele, na kila mmoja ana ndoo imefungwa kwenye keria. Hatukujua kilichowarudisha, wala hatukuuliza. Kijiji kilipiga vigelegele kama arusi.

Nimekuwa mtu mzima, nina duka la vipuri Majengo, na duka la jirani yangu ni la Rajabu huyohuyo, sasa ana ndevu nyeupe. Mume wangu hunishangaa. Watu wote wanatazama mpira wa miguu wa Uingereza, mkewe yuko kwenye simu anatazama pikipiki za Uingereza zinazozunguka kushoto. Nimezifuatilia miaka yote, kwa ajili ya mwalimu mwanzoni, kisha kwa ajili yangu. Kwa hiyo naomba niseme kama shabiki mwenye haki ya kusema. Mchezo ule hauugui kwa kukosa wapendao. Unaugua kwa sababu ardhi ya uwanja inapata bei kuliko furaha ya watu, na vijana hawana pa kujifunzia, na mvua ikinyesha watu wanarudishwa nyumbani baada ya kusubiri kutwa. Hayo nawasamehe. Nisilowasamehe ni kwamba uwanja mmoja ukifungwa, mashabiki wake wanakwenda matangani moja kwa moja. Hawahamii uwanja wa jirani. Wanakaa nyumbani wakihesabu makombe ya zamani, halafu uwanja wa jirani nao unakosa watu, nao unafungwa. Nikamweleza mwalimu hivyo hivyo. Alinijibu kwamba mimi sielewi, nami nikamtakia usiku mwema, maana ni mwalimu wangu.

Na sisi tusijione bora. Siku hizi mahindi yanarudi kwa bodaboda, baiskeli zimebaki chache. Kijana mmoja wa pale kijijini aliniambia, "Bibi, kuendesha bila breki ni hatari," kisha akaondoka na abiria wawili, godoro na kuku, muziki ukilia hadi mti wa mwisho. Wengine hukataa kushusha mguu kwenye kona kwa sababu ya viatu vyeupe. Lakini nisiwaonee: mbio bado zipo. Ni ndogo, ni za jioni moja tu baada ya mavuno, na kiingilio hakijabadilika, ingawa sasa maji yanatoka bombani na mtu analalamika kubeba ndoo hatua chache.

Agosti hii nikaamua mwalimu azione. Nilimpigia simu ya video nikiwa pembeni ya njia, binti yake akamshikia simu. Nilikuwa na nia moja tu, aone watu wanacheza, labda moyo ufunguke. Alitazama. Akauliza habari za Oswini, akauliza kama kona ya kule mtoni bado ina mchanga. Sauti ilikuwa ya upole, ya mtu anayetazama picha ya marehemu. Nikaona ninazidisha huzuni. Rajabu, aliyekuwa amekuja na wajukuu, akaninyooshea mkono nimpe simu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Rajabu wa Majengo."

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza. "Mwizi wa kona ya ndani."

Rajabu hakucheka. "Mwalimu, walipochukua kiwanja chetu niliapa sitakanyaga Maposeni tena. Kiangazi kizima nilijifungia dukani kwa baba. Unakumbuka nani alinifuata?"

Mimi mwenyewe nilikuwa naisikia habari hii kwa mara ya kwanza.

"Ulinifuata wewe, kwa baiskeli, umejaa vumbi mpaka kwenye ndevu. Ukamwamkia baba yangu, ukaniambia, 'Rajabu, vumbi halina timu, njoo na maji.' Ukaniachia ndoo pale kaunta, ukaondoka. Alhamdulillahi, nimekuja kila mwaka tangu siku ile. Sasa wewe, mwalimu, nani akufuate huko? Mimi hata pasi ya kusafiria sina."

Niliona uso wa mzee ukigeuka pembeni. Akamwomba Rajabu aelekeze simu kwenye njia, kwa sababu mbio zilikuwa zinaanza. Alizitazama hadi mwisho, akashukuru, akaaga. Hakuahidi chochote. Usiku ule nilimwambia mume wangu kwamba tumeshindwa, na nililia kidogo nikikoroga likolo, mboga yetu ya majani, ikawa na chumvi ya machozi.

Tangu jioni ile nimewaza sana tofauti ya wakati ule na huu. Enzi zetu hapakuwa na mtazamaji mtupu. Kila aliyefika alikuwa amebeba kitu, amelowa, ana kipande chake cha ardhi cha kujivunia. Leo tunatazama dunia nzima kwa kidole gumba na hakuna kona hata moja tuliyoimwagia maji. Nawahurumia wajukuu zangu kwa hilo, pamoja na simu zao nzuri. Lakini nikipima vyote, shukrani ndiyo inazidi. Mtu alitoka mbali akatuletea mchezo wa kwao, sisi tukaupa maji yetu, na uwanja uliouzaa umekufa huku mtoto wake yu hai Maposeni. Wangapi walipata utoto kama ule? Baba alitupa miguu ya nyumba nzima tukaifungue breki. Mungu awalaze pema, yeye na mama na bibi.

Jumamosi iliyopita, nikiwa dukani, simu ikalia. Binti wa mwalimu ametuma picha. Mzee amesimama kwenye uzio wa uwanja wa mji wa pili, amejifunga skafu ya timu yake iliyokufa, katikati ya watu waliovaa rangi za wale wengine. Miwani imerukiwa na tope, mdomo uko wazi. Nilitoka mbio na simu mkononi hadi duka la pili, wateja wananishangaa, na tukiwa wawili pale mlangoni tukasikiliza ujumbe wa sauti uliokuja nyuma ya picha. Sauti ya mzee ilikuwa imekauka kwa kelele.

"Osmunda, mwambie Rajabu mahasimu wameshinda. Mwambie nimewashangilia."