Nilivyokumbatiwa na Nyota wa Sinema Kama Mkimbizi

Chekeni kwanza mmalize, halafu niwaeleze, maana najua picha mliiona, Bukavu nzima iliiona, na tonton, mjomba wangu aliye Ubelgiji, aliwahi kuniita kwa simu ya jirani akilia. Yule mwanamke mwenye matope hadi kwenye nyusi, anayetoa machozi kifuani mwa nyota wa sinema, ni mimi. Ndiyo, mimi, Madame Espérance, mwalimu wa Kiingereza, mwenye nyumba ya bati na mume mwenye kazi.

Ilikuwa wakati wa vita, miaka ile ambayo madarasa ya pembeni mwa mji yalijaa watu waliokimbia. Kule Kasha walilala akina mama waliotoka vijiji vya upande wa Miti, na shirika moja la msaada likaniita nikawe mkalimani wa siku moja, kwa sababu nyota wa filamu za ngumi na bunduki alikuwa anakuja kuwatembelea pamoja na watu wa televisheni. Nilishonesha pagne mpya, kitenge kizuri, kwa ajili yake. Asubuhi mvua ikanyesha, nikaamua (hapo ndipo nilipojichimbia shimo) kuvaa pagne kuukuu na sweta lililotoboka viwiko, nguo nzuri nikazitia kwenye mfuko wa plastiki nibadilishe nikifika, kama tunavyofanya sote njia ikiwa na tope.

Gari la shirika nililopanda likakwama mlimani, wageni wameshatangulia na lao. Tukashuka kusukuma, na mimi na elimu yangu yote nikaenda kusimama nyuma ya tairi, dereva akakanyaga mafuta, tope lote la Kasha likanipanda, mfuko ukaniponyoka ukaenda na maji ya mtaro, kiatu kimoja nacho sijakiona hadi leo.

Nikafika hivyo hivyo. Sasa sikilizeni. Watu wa televisheni wanapokuja kutazama wakimbizi hutafuta waliochakaa. Lakini Maman Nsimire, mwenyekiti wa wale akina mama, muuza samaki mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alikuwa amekataa katakata: mgeni hapokelewi kwa matambara, hata kama tunalala chini. Akaenda kuazima sare za akina mama wa parokia, wakajipanga uani wametakata, vitambaa kichwani, wanaimba. Mpiga picha akazunguka nao amenuna, akamwambia mwenzake kwa Kiingereza kwamba wameletwa harusini. Nyota naye akatazama kulia, akatazama kushoto, mpaka macho yake yakaniangukia mimi.

Alikuja mbio. Kabla sijasema neno alikuwa amenikumbatia, mrefu, ananukia manukato, ananiambia nisiogope. Papa Déo, mkuu wa ofisi ya shirika, badala ya kuniokoa akaweka kidole mdomoni: kamera inaenda, usiharibu! Basi nikanyamaza, na tope lililoniingia machoni likaanza kunitoa machozi, na kadiri nilivyojipangusa ndivyo yalivyozidi, na kadiri yalivyozidi ndivyo mpiga picha alivyosogea.

"Mwulizeni amepoteza nini," akasema mwandishi wa habari. "Mkalimani yuko wapi?"

Nikainua mkono. Wakadhani naomba maji, wakaniletea chupa.

"Nimepoteza mfuko wangu wa nguo," nikajibu kwa Kiswahili, maana aibu ilikuwa imeshanivuruga akili, "na kiatu kimoja."

Akina mama wakaangua kicheko, wimbo ukakatika katikati.

"Ee Madame!" Maman Nsimire akapiga makofi. "Leo weye ndjo mukimbizi, siye tuko bageni!"

Nikasema liwalo na liwe. Nikajitoa kifuani mwa yule bwana, ambaye shati lake jeupe sasa lilikuwa na sura yangu nzima, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha darasani kwamba samahani sana, mkalimani ni mimi. Papa Déo akafunika uso. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini nyota akalitazama shati, akanitazama mimi, akacheka hadi akainama, na hapo hapo, kamera bado imewaka, Maman Nsimire akamnyang'anya mwandishi mikrofoni. Mwandishi akamwomba aeleze usiku waliokimbia.

"Kulia, tulisha lia," akasema. "Leo tuko na shauri moja tu. Maharagi yetu imekomaa mu mashamba, na baaskari ba ku bariere banatukatalia njia. Mvua ikiendelea hii juma, yote itaoza, na mbegu hatutapata. Hatuombi chakula ya musaada ya mu magunia. Madame, umuambie huyu papa atusindikize."

Nikatafsiri neno kwa neno. Nyota akauliza hiyo bariere, kizuizi cha askari barabarani, iko wapi. Papa Déo akasema haimo kwenye programu. Nyota akasema twende.

Haikuwa mbali. Tukaenda kwa miguu, akina mama mbele wanaimba, kamera pembeni, mimi katikati na kiatu changu kimoja. Askari walipotuona wakashika bunduki, halafu mmoja akakodoa macho: "Chef! Chef! Ni ule wa mu filme!" Kamanda akatoka kibandani anafunga vifungo, akaweka kofia vizuri, akasimama kando ya nyota apigwe picha, wakapeana mikono. Nyota akaninong'oneza kwamba huyu mtu karibu amvunje vidole.

"Anasema nini?" kamanda akauliza.

Siku nzima hakuna aliyetaka kuamini kwamba mimi ni mkalimani, na sasa wote walikuwa wananitazama mdomo. Nikavuta pumzi.

"Anasema dunia yote inakushukuru, chef, juu ya kufungulia bamama njia mupaka mavuno iishe."

Papa Déo, ambaye Kiingereza anakijua, akapaliwa na mate. Niliogopa, sitawaficha, niliwaza watoto wangu. Kamanda akaitazama kamera, akamtazama nyota anayetabasamu bila kuelewa kitu, akatoa kifua mbele.

"Ndiyo," akasema. "Nilisha fungua. Bamama, munangoya nini? Mupite!"

Vigelegele vya pale bado ninavyo masikioni. Wakapita na sare zao za kuazima, wengine wakikimbia, na hakuna aliyewazuia tena mpaka gunia la mwisho lilipotoka shambani. Kamanda angewazuia vipi, naye alikuwa anajisifu kila mahali kwamba dunia imemshukuru?

Na televisheni ikaonyesha nini? Mimi na tope langu, "mwanamke aliyepoteza kila kitu". Bariere hakuna, maharagwe hakuna. Mama mkwe aliniombea misa nikiwa nimekaa benchi la nyuma yake, na wanafunzi wangu wananiita Maman Mukimbizi. Nimeapa: kamera ikinikaribia tena, nataja jina na kazi yangu kwa sauti kabla sijapangusa hata jicho.

Lakini mavuno yalipokwisha, Maman Nsimire alishuka hadi kwangu na beseni kubwa la maharagwe kichwani, akasimama mlangoni, akaita mpaka majirani wakatoka wote.

"Ni hapa kwa ule mama alipoteza yote mu televizyo? Ulete sufuria, maman, musaada imefika!"

Nikaleta ile kubwa kuliko zote.