Nyumba Atakayolala Laurenti

Pale Makambako, mtaa wa nyuma ya barabara kuu, ipo nyumba ya wageni ya vyumba kumi na viwili ambayo watu wanaiita kwa Sadock, ingawa Sadock mwenyewe alishafariki na wanaoiendesha sasa ni wanawe. Muulize dereva yeyote wa lori aliyezeekea njia ya Zambia, atakwambia kwa Sadock shuka halina doa na mkoba wa mtu haupotei. Sifa hiyo haikushuka na mvua. Imeletwa na mikono ya Oktavia, mzaliwa wa Uwemba, aliyeingia pale kufua akiwa na mtoto mgongoni, akakaa miaka thelathini na moja, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo funguo zote kumi na mbili zililala chini ya mto wake.

Oktavia alimaliza darasa la saba na cheti anacho, amekifunga kwenye nailoni. Zaidi ya hapo hakusoma vitabu, alisoma watu. Mgeni alimjua kwa anavyoshusha mzigo. Aliyefika akauliza choo kiko wapi, alipewa chumba hapo hapo. Aliyefika akauliza kama kuna mlango wa nyuma, aliambiwa vyumba vimejaa. Mwenyewe husema amewahi kukosea mara moja tu, na hiyo mara moja hajawahi kuisimulia.

Mumewe ni Laurenti, mtu wa reli. Alipangia treni njia pale stesheni mpaka alipostaafu. Jicho la kushoto lilikwenda zamani, kipande cha chuma kiliruka kikalikuta. Akaishi na la kulia, akalea nalo watoto, akajenga nalo nyumba. Sasa na hilo la kulia likaanza kuingia ukungu, mwanzo kama moshi wa kuni, mwisho kama asubuhi za mwezi wa saba Njombe, wakati huoni ng'ombe aliye mbele yako. Madaktari wa Dar es Salaam wakamwandikia barua ya kwenda kufanyiwa upasuaji Mumbai, India. Wiki tatu. Kila asubuhi awe hospitali kabla ya saa mbili, lakini kulala alale nje, atafute chumba chake. Ndugu na wanajumuiya walishachanga, safari ikapatikana ya watu wawili: mgonjwa na binti yake mkubwa, Anneth, mwalimu wa shule ya msingi Njombe mjini, anayejua Kiingereza. Oktavia angebaki.

Kila kitu kikawa tayari, ila Laurenti mwenyewe.

"Siendi," alisema, amekaa jikoni na koti lake zito. "Nikapapase kuta za nyumba nisiyoijua, kwenye mji wa watu wengi namna ile? Nikianguka ngazi huko mtanipokea kwenye sanduku. Heri nibaki kipofu kwangu, ninapojua hata kizingiti."

"Baba, hoteli ziko nyingi, nimeshaona moja nzuri sana," Anneth alimwambia.

"Umeiona wapi?"

"Kwenye simu."

Laurenti alicheka mpaka akakohoa. "Mama Anneth, umesikia? Mwanao amechagua nyumba kwa picha, kama anachagua kitenge." Kisha akageuza uso upande ilikotoka sauti ya mwiko wa mkewe. "Sikilizeni. Huyu mama amelaza watu miaka thelathini na hakuna aliyeibiwa hata soksi. Nyumba akiichagua yeye, nakwenda. Akichagua mwingine, siendi, hata mkimleta padre."

Oktavia aliendelea kukoroga uji. Lakini ndani yake kifua kilijaa, nusu kwa fahari na nusu kwa hofu, maana Laurenti akisema siendi huwa haendi, na daktari alikuwa amesema miezi ikipita upasuaji hautasaidia tena.

Jumamosi iliyofuata Anneth akashuka tena kutoka Njombe, wakaketi watatu mezani, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Anneth akaonyesha ile hoteli yake. Kweli ilikuwa nzuri, ina bwawa la kuogelea na maua mezani, na bei yake haikuwa ya kutisha.

"Bwawa la nini?" aliuliza Oktavia. "Baba yako anakwenda kuogelea?"

"Mama, angalia usafi."

"Usafi wa picha kila mtu anao. Wapigie. Waulize mgonjwa anafikaje hospitali."

Anneth akapiga, akazungumza, akashusha simu. "Wanasema teksi."

"Na kanisani?"

"Teksi."

"Na kununua ndizi?"

Anneth akatabasamu kwa aibu. "Teksi, mama."

"Basi hiyo siyo hoteli, ni gereza la kulipia. Mtu akitaka kutoka lazima amwombe dereva. Siku dereva asipokuja, au akiona ninyi wageni akawazungusha mji mzima, mtamwambia nini? Futa."

Ndipo Oktavia akatoa chaguo lake, na hapo alikuwa na uhakika kama mtu anayetaja jina la mtoto wake. Alikuwa amemwambia Anneth amtafutie jina la stesheni kubwa kuliko zote Mumbai, na nyumba ya wageni iliyo karibu nayo kabisa. Yeye alijua hivyo: nyumba nzuri ni ile iliyo karibu na usafiri. Makambako yote imesimama juu ya neno hilo. Wa Songea, wa Mbeya, wa Iringa, wote wanapita pale pale, na anayelala karibu na stendi amelala karibu na dunia nzima.

"Lakini mama, hospitali haiko njia hiyo," Anneth alisema, akivuta ramani. "Treni za hapa zinatoka stesheni kubwa zinakwenda upande huu. Hospitali iko kwenye reli nyingine. Baba atashuka, apande daraja la juu kwa ngazi, abadilishe treni."

"Stesheni kubwa haikosi njia. Piga."

Anneth alipiga. Kijana aliyepokea alikuwa na haraka. Nyuma yake ilisikika kelele, mizigo inaburutwa, watu wanaitana. Oktavia akataka aulizwe mlango unafungwa saa ngapi. Jibu likaja kwamba haufungwi, wageni wanaingia na kutoka saa zote, wengine hulala saa nne tu wakaondoka. Akataka aulizwe ngazi za lile daraja ni ngapi. Kijana hakujua. Alisema tu kwamba asubuhi watu hupanda wakisukumana.

Mkono wa Laurenti ulikuwa umeshika ukingo wa meza. Oktavia akautazama ule mkono. Nyumba ambayo mlango wake haufungwi na wageni wake hawajuani alikuwa anaijua. Zipo hata Makambako, na yeye ndiye aliyekuwa anawaonya wasafiri wasiingie.

"Nimekosea," alisema.

"Umesemaje?" Laurenti akainua kichwa.

"Nimesema nimekosea. Hapa kwetu stendi ni moja, kule kumbe ni mia. Anayelala penye zote hayuko karibu na yoyote."

"Anneth, andika tarehe," alisema Laurenti. "Mama yako ametamka neno hilo na shahidi ni wewe."

"Nyamaza wewe, macho huna, na masikio nitayaziba," Oktavia akamjibu, wakacheka wote watatu. Akajifunga kitenge upya kiunoni, kama mtu anayeanza kazi sasa.

"Twende hivi. Tafuta hospitali iko reli gani. Fuata reli hiyo hiyo, bila kubadilisha. Tazama nyumba za kawaida za karibu na vituo vyake. Halafu, watu waliolala huko si wanaandika maoni?"

"Wanaandika. Hii hapa ina sifa nyingi: 'Pazuri sana, tumefurahi...'"

"Sifa niachie. Anayesifu huenda ni shemeji yake mwenye nyumba. Nisomee waliolalamika."

Anneth akasoma malalamiko kwa zaidi ya saa nzima, nyumba baada ya nyumba, akiyageuza kwa Kiswahili. Pengine kunguni. Pengine mtu aliingia chumbani kwa mwenzake na ufunguo ukafungua. Pengine mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka kitandani. Oktavia kila mara alisema neno moja tu, futa. Kisha Anneth akafika kwenye nyumba ndogo, ya ghorofa tatu, na akaanza kucheka kabla hajasoma.

"Huyu kijana amekasirika, mama. Anasema: 'Msilale hapa. Mama mwenye nyumba anafunga geti saa nne na nusu. Ukichelewa anakuuliza ulikuwa wapi. Rafiki zangu walikuja akawakatalia kupanda juu, akaandika majina yao. Nilijiona kama niko kwa shangazi yangu.'"

Oktavia aliinuka kwenye kiti. "Mwingine je?"

"Mwingine anasema hawauzi bia, na vyumba ni vidogo. Wa tatu anasema yule mama alimfokea kwa kuingia na viatu vya tope."

"Mpigie huyo mama," alisema Oktavia. "Mpigie simu ya picha, nimwone uso."

Saa za Makambako zilikuwa kumi na moja, jua lingali kwenye mabati. Kule Mumbai ilikuwa saa moja na nusu na giza limeshaingia, na Oktavia alilitaka hilo giza. Kwenye kioo akatokea mwanamke mnene wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, bonge la funguo mbele yake mezani. Anneth akaeleza habari za baba yake. Mwanamke akauliza maswali kabla ya kuulizwa: mgonjwa ana miaka mingapi, anakula nini, anaamka mara ngapi usiku.

"Anataka kuwapa chumba cha chini, kilicho karibu na choo, mbali na ngazi," Anneth akatafsiri.

"Mwulize kama blanketi ni mbili."

Anneth akauliza. Yule mama akacheka, akajipepea kwa kiganja.

"Anasema huko tutaomba feni, siyo blanketi."

"Haya. Sasa mwombe kitu kimoja. Aichukue hiyo simu, atoke nayo mlangoni, atembee mpaka kituo cha treni, asiseme neno. Nataka kuona njia ambayo mume wangu ataipita."

Anneth alisita. "Mama, ni mwenye nyumba, si mtu wa kutumwa."

"Mwambie anayeomba ni mwenzake wa kazi. Mwambie nami nilishika funguo."

Yule mama alisikiliza, akamtazama Oktavia kupitia kioo kwa muda. Akavaa miwani, akaita mtu akae mezani, akachukua simu akatoka.

Wakaona mlango wa chuma na taa juu yake. Wakaona mtaa mwembamba wenye lami, duka la dawa limefunguliwa, mzee anauza ndizi kwa mkokoteni. Kona moja. Baada ya kona, wanawake wawili wameketi chini, mmoja na karai la samaki, mwingine anatunga maua, taa ndogo katikati yao, wanabishana na mteja.

"Simama hapo!" Oktavia alisema, kana kwamba yule mama anajua Kiswahili. "Umewaona wale, Anneth? Giza limeingia na wanawake wamekaa na biashara zao barabarani, hawana hata haraka ya kufunga. Njia mbaya mwanamke haweki karai lake."

Simu ikaendelea kutembea. Dakika sita, saba. Kituo. Hakukuwa na daraja la kupanda kwa miguu, kulikuwa na lifti, na yule mama akaingia ndani yake na simu ili waione. Akashuka nao jukwaani. Akasema kitu.

"Anasema asubuhi umati wote unakwenda kusini, kwenye maofisi. Sisi hospitali iko kaskazini. Tutapanda treni inayokwenda kinyume na watu, na baba atapata kiti kila siku."

Wakati huo treni ikaingia. Laurenti akainamisha kichwa karibu na simu, siyo kwa jicho, kwa sikio. Akasikiliza breki zinavyoshika, milango inavyofunguka, na ule ukimya mfupi kabla haijaondoka.

"Inasimama sawasawa," alisema. "Dereva wake hana pupa." Akanyoosha mgongo. "Mama Anneth, koti hili nalo nilibebe?"

"Liache. Umesikia huko ni feni."

Waliondoka Jumanne na basi la asubuhi. Jioni ya Alhamisi simu ikaja kwamba wamefika na chumba ni kile cha chini. Jumapili ikaja nyingine kwamba treni ina viti. Baada ya hapo siku zikaenda polepole. Oktavia alifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Alikwenda misa ya asubuhi, akarudi, akapalilia njegere. Majirani walipomuuliza habari za mgonjwa alijibu kwa nyumba: kwamba geti linafungwa, kwamba maji hayaingii, kwamba mwenye nyumba ni mtu.

Siku ya kumi na saba, saa kumi na mbili asubuhi, simu ilipolia hakuwa Anneth.

"Kamwene, Mama Anneth."

"Kamwene. Laurenti? Nani amekubonyezea namba?"

"Nimebonyeza mwenyewe. Wamefungua kitambaa jana."

Oktavia aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Sema basi."

"Bado kuna vumbi vumbi pembeni. Lakini nimetoka asubuhi hii, nimepita kwa wale wenye samaki, nimekwenda mpaka kituoni, nimesoma ubao. Kuna maandishi ya kwao, chini yake kwa herufi zetu. Nimesoma jina lote, herufi kwa herufi."

"Umetoka na Anneth?"

Laurenti akakohoa.

"Laurenti, umetoka na nani?"

"Anneth alikuwa bado amelala, leo hospitali hatuendi. Nimekwenda peke yangu na nimerudi peke yangu. Sasa huyu mama amenikamata getini, amesimama hapa mbele yangu anafoka, sielewi hata neno moja."

Nyuma yake Oktavia aliisikia sauti ya yule mwanamke, kali, haipumui, inapanda na kushuka. Akaisikiliza kwa raha kama mtu anayesikiliza kwaya.

"Mpe simu," alisema, "nimsaidie."