Foleni Fupi ya Nateete

Nilizaliwa na ugonjwa wa kuuliza. Mama yangu alikuwa akisema kwamba macho hayana pazia lakini mdomo una mlango, na alinisihi nijifunze kuufunga kabla sijaolewa. Niliolewa na askari polisi, nikaletwa Kampala kutoka kaskazini, na mlango bado ulikuwa wazi. Katika miaka ile ya utawala wa jeshi kuuliza hakukuwa tabia njema. Watu walisalimiana kwa muda mrefu sana, wakaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mvua, ili wasije wakafika kwenye mazungumzo yenyewe.

Nilikuwa nimeweka cherehani yangu kwenye baraza ya duka moja la Nateete, karibu na stendi ya teksi, vile vibasi vya abiria. Duka lilikuwa limefungwa tangu wenyewe, Wahindi, walipofukuzwa nchini. Mlango ulikuwa na kufuli na baraza haikuwa na mwenyewe. Upande wa pili wa baraza hiyo alikaa mama mmoja Mkongo, akiuza vitenge alivyovitandika juu ya mkeka. Alikuwa amekimbia vita kwao akiwa na watoto wawili, na mume hakuwepo tena. Ndani ya soko alinyimwa meza kwa kuwa meza zilikuwa za wananchi. Mimi nikiondolewa pale ningerudi kwenye mshahara wa mume wangu. Yeye hakuwa na pa kurudi, na hakuwa mtu wa kuficha jambo hilo.

Basi siku moja gari la jeshi likapita na kipaza sauti. Mji unakua, tuliambiwa, na kila mtaa umchague mtu mmoja wa kupeleka shida zake kwenye halmashauri ya mji. Halmashauri yenyewe ilikuwa imeteuliwa huko juu, hiyo haikutuhusu. Chetu sisi kilikuwa kumchagua wa kwenda kuieleza. Niliacha kushona, nikasikiliza mpaka gari likapotea. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyetuuliza maoni yetu juu ya kitu chochote, hata juu ya mvua. Nilitaka kujua mtu huulizwaje maoni na watu wenye bunduki, na hujibuje.

Walijitokeza wawili. Mmoja alikuwa mwenye bucha, mtu mnene, mcheshi, aliyepeleka nyama kambini na kujuana na maafisa. Watu wakasema mambo yamekwisha, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu, Mganda mrefu mwenye suruali iliyopauka magotini. Mume wangu aliniambia tukiwa mezani kwamba mke wa polisi husimama nyuma ya mwenye bucha siku ya kura, kisha akaomba aongezewe mchuzi.

Wote wawili walipita kuomba kura, na nilimuuliza kila mmoja mambo yale yale. Mwenye bucha alikaa kwenye kiti changu cha wateja akajibu kwa furaha. Mji unaokua, alisema, ni lazima ufagiwe. Takataka zichomwe, mbwa wauawe, taa ziwekwe stendi, na baraza zote zisafishwe, maana mgeni akishuka kwenye teksi anaona nini? Anaona vitenge chini kana kwamba tunahama. Hakusema kwa chuki. Alimpungia mkono jirani yangu alipokuwa akiondoka, na jirani yangu naye akampungia.

Mwalimu hakukaa. Kwake kila kitu kilianza na mtaro. Mvua ikinyesha maji ya kilimani yanashuka na uchafu wa vyoo vya watu, yanaingia kwenye chemchemi tunayochota, na watoto wanaharisha. Kwa hiyo mtaro kwanza, halafu bomba la maji, halafu hayo mengine. Nilipomuuliza juu ya baraza, alisema watu wanaokaa barazani wana macho, na stendi yenye macho haina wezi wengi. Nikaona huyu anafaa. Ndipo nikamuuliza kuhusu sukari.

Ninyi mliozaliwa juzi hamjui sukari ilikuwa nini siku zile. Sukari, chumvi na sabuni zilikuwa zimeingia mitini, na ukiona watu wamepanga mstari mahali popote, unaingia kwanza, unauliza baadaye. Nimewahi kupanga foleni ndefu mjini nikafika mbele nikakuta ni ya kutoa rambirambi. Lakini kusema kwamba sukari hakuna ilikuwa ni kusema kwamba serikali imeshindwa, na waliosema hivyo walichukuliwa. Mwenye bucha nilipomuuliza alicheka, akasema sukari inaharibu meno. Mwalimu hakucheka. Alitazama barabarani, akaanza tena habari za mtaro. Nilivunjika moyo, sitaki kusema uongo.

Siku ya uchaguzi jirani yangu alikuja na vitenge vyake vikiwa vimefungwa furushi, na hakuvitandika. Nikamuuliza kwa nini. Akasema yeye ameshazoea, furushi likiwa tayari mtu hukimbia vizuri. Kupiga kura hakuruhusiwa, kwa kuwa ni mgeni, kwa hiyo alikaa barazani juu ya furushi lake akitazama uwanja, ambao ulikuwa mbele yetu tu.

Utaratibu wa uchaguzi ulikuwa rahisi: kila mgombea anasimama, na wanaomtaka wanapanga mstari nyuma yake. Hakuna siri. Afisa mmoja mwenye kofia nyekundu alikaa kwenye kiti katikati, akichokoa meno, akimwona kila mtu anakwenda wapi. Si ajabu mstari wa bucha ulijaa upesi. Nyuma ya mwalimu walisimama wazee wachache na wanafunzi wake wa zamani, wakiangalia chini. Nami nilisimama barazani, miguu haijaamua.

Hapo teksi zikaanza kuingia, na watu wakashuka na vikapu vyao. Waliona mistari miwili kwenye uwanja wa Nateete, na askari mmoja anailinda. Mngefikiri nini? Mwanamke wa kwanza alikuja mbio kwenye baraza yetu, akauliza, "Laini ya nini hii?"

Mimi nilifungua mdomo. Jirani yangu alinitangulia.

"Miye sijue, mama," alisema taratibu. "Lakini ile fupi itaenda mbio."

Mwanamke akakimbilia nyuma ya mwalimu. Akaja wa pili, wa tatu, kila mmoja akauliza, na kila mmoja akajibiwa maneno hayo hayo kwa sauti ile ile ya mtu anayepanga bei. Wengine hawakuuliza kabisa. Walimwona mwenzao anakimbia wakamfuata. Nilimtazama jirani yangu nikiwa na hofu na hamu ya kucheka kwa pamoja. Hakunitazama. Na mimi nikashuka barazani, nikaenda kusimama kwa mwalimu, mbele ya bibi mmoja mwenye kilemba aliyetoka Luzira kwenye gereza kuu, mama wa askari magereza kama alivyojitambulisha, ambaye alinisukuma kidogo kwa kikapu chake ili nisogee.

Mistari ilipokaribia kulingana, afisa aliinuka kuhesabu. Bibi wa Luzira alichoka kungoja. Alitoka kwenye mstari, akaenda mpaka mbele, akamshika mwalimu mkono.

"Mwanangu," aliuliza, na uwanja mzima ukasikia, "sukari itatoka saa ngapi?"

Afisa aliacha kuchokoa meno. Kule kwa bucha watu walianza kucheka, kisha wakanyamaza mmoja mmoja. Kama mwalimu angesema inakuja, mstari wake ungebaki wote, na baraza yetu ingepona. Kama angeanza habari za mtaro, pia ingepona. Nilimwomba moyoni aanze habari za mtaro.

Alimtazama afisa, kisha akamtazama bibi.

"Sukari hapana, mama," alisema. "Hapa hapana, na kesho hapana. Hii ni laini ya kuchagua mtu."

Kisha waliofuata sukari wakaanza kuondoka, kikapu baada ya kikapu, wakirudi barabarani na nyuso za watu waliozoea. Barazani niliona jirani yangu ameweka mkono juu ya furushi. Bibi wa Luzira bado alikuwa ameushika ule mkono wa mwalimu, anafikiri. Kisha akageuka, akarudi mahali pake nyuma yangu.

"Mwaka muzima napanga laini," alimwambia afisa, wala hakuogopa, maana kwa umri angeweza kuwa mama yake. "Hakuna mutu moja aliniambia hapana. Huyu ameniambia. Mimi nabaki."

Waliokuwa njiani wakasimama. Si wote, lakini baadhi wakarudi. Na kutoka kwenye mstari mrefu wa bucha alitoka mzee mmoja, kisha mke wa fundi baiskeli, kisha wengine ambao sikuwatarajia, wakavuka uwanja mbele ya macho ya afisa. Yeye alingoja. Mpaka leo najiuliza alikuwa anangoja nini. Huenda naye asubuhi ile alikunywa chai isiyo na sukari. Alihesabu mstari wa bucha, akahesabu wa mwalimu, bila kuuliza nani anakaa mtaa gani, akasema mwalimu amezidi, akapanda gari lake akaondoka.

Mtaro ulichimbwa nusu, kisha saruji nayo ikaadimika. Mume wangu jioni ile aliniuliza nilisimama wapi, nikamwambia nilisimama kwenye foleni ya sukari, na hakuuliza zaidi.

Lakini kabla ya jioni nilirudi barazani, na ugonjwa wangu ukanizidi. Nilimuuliza jirani yangu kama alijua alichokuwa anafanya, na kama alijua askari wangemfanya nini kama wangegundua.

"Miye nilisema ile fupi itaenda mbio," alijibu. "Nilidanganya, dada?"

Kisha alikung'uta mkeka, akafungua furushi, akaanza kutandika vitenge vyake kimoja kimoja.