Mpwa wangu alinenepa mpaka tukamzika

Wakuu, poleni na mihangaiko ya leo.

Mnanijua humu kwa utani. Chumvi yangu ingetosha kukaushia ng'ombe mzima na mkia wake. Ila hiki kisa kilitupata nyumbani, na sehemu inayouma sijaiongezea hata punje.

Ni miaka ya tisini, enzi za ruksa. Moshi mjini maduka yamefurika vitu ambavyo zamani tulivisikia kwenye hadithi za waliofika Nairobi.

Dada yangu, Mama Eli, aliolewa Mwika. Shemeji alikuwa mpagazi wa mlimani. Akipanda na wageni, mkimwona tena ana ndevu kama nabii.

Dada naye akaanza biashara ya kufuata bidhaa Taveta. Anatoka jogoo hajakohoa, anarudi watoto wamelala. Wote wawili walikuwa busy kweli, si busy ya kujidai kama yangu.

Eli aliachishwa ziwa mapema, akabaki kwa wifi yake dada. Huyo wifi ana kahawa ya kupalilia na ng'ombe wa kukatia majani. Kwa hiyo dada akarahisisha mambo: biskuti, soda, na juisi ya unga ya kukoroga.

"Mtoto wangu asile kama sisi," alisema. "Kiburu ni chakula cha watu wasiotembea."

Kwa wasiojua, kiburu ni ndizi na maharage vilivyopikwa pamoja na kupondwa. Vyote vilijaa shambani. Maziwa ya ng'ombe yalikuwepo pia, lakini yaliteremshwa kila asubuhi hotelini mjini.

Eli akanenepa, wakuu! Mashavu mpaka macho yanaomba nafasi. Miguu imejaa kama ya mkurugenzi.

Nywele zikageuka, zikawa laini, nyekundu-nyekundu. Kanisani akina mama wanambeba kwa zamu: "Mae! Huyu mmempata kwa mzungu gani wa mlimani?"

Dada anacheka, anameremeta.

Na halii. Ukimkalisha hapa, unamkuta hapa. Bibi yake mwenyewe akasema hajawahi kuona mjukuu mwenye adabu hivyo.

Halafu akaanza kuharisha, na ngozi ya mapajani ikawa inababuka. Bahati shemeji alikuwa ameshuka mlimani. Tukampeleka zahanati: dada, shemeji na mimi.

Nesi alikuwa mama wa makamo kutoka Old Moshi. Tukampa shikamoo. Akamtazama mtoto, akauliza anakula nini. Dada akataja vitu vyake kwa fahari kama anasoma tangazo la redio.

Nesi akasema, "Baba, shida ya huyu mtoto ni ulezi."

Shemeji akaruka. "Ulezi? Nyumbani tuna gunia zima! Ni wa kupikia pombe ya mbege ya kipaimara cha binamu yake!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mimi niliongoza, nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Nasema kulea, baba," nesi akajibu. Hakucheka.

Akabonyeza mguu wa Eli kwa kidole gumba, akatoa kidole. Shimo likabaki palepale, kama umebonyeza unga uliokandwa.

Kicheko kikafa.

"Huu si unene. Ni maji. Mtoto ana njaa."

"Njaa?" dada akasema. "Huyu? Anakula kutwa!"

"Anakula, mama. Halishwi."

Tulikimbia hospitali na karatasi ya rufaa. Walihangaika naye sana, sina wa kumlaumu pale. Uvimbe ulipoanza kushuka ndipo tukamwona Eli alivyo: mbavu, magoti na macho. Dada alinishika mkono, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kaka, huyu alikuwa humu ndani siku zote?"



Eli alifariki asubuhi moja palepale hospitalini, kifua kikiwa kimembana. Tulimzika kihambani, kwenye migomba.

Wakuu, nimemaliza form four kwa masomo ya jioni nikiwa na ndevu, wala mimi si daktari. Ila niruhusuni niseme: mtoto mnene siyo lazima awe mtoto mwenye afya, na mtoto mpole kupita kiasi mkague. Kama mko busy, pikeni jioni ndizi na maharage yenu, acheni kikombe cha maziwa kabla hayajateremka kwenda kuuzwa, na anayebaki na mtoto aambiwe wazi nini cha kumpa. Biskuti haijawahi kuwa chakula cha mchana.

Dada alipata mwingine, wa kike. Huyo alimpikia usiku hata akiwa hoi. Siku moja muumini mmoja akamwambia, "Mama Eli, huyu mbona mwembamba, hamumlishi?"

Dada akamwangalia binti anavyokimbiza kuku uwanja mzima.

"Mwache," akasema. "Mwembamba wangu analia nikichelewa kumpa chakula."

Haya wazazi, semeni hapa bila aibu: wa kwako leo mchana amekula nini, na umejuaje?